Mashine Ikizimwa

Karakana nzima walimwita Vumbi, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Alikuwa seremala wa makabati na milango, mtu mrefu, mpole, mikono mizito na maneno ya kuhesabu. Kila koo lake lilipotoa ule mlio wake, "hm, hm-hm," na kidevu kikajivuta pembeni kama cha mtu anayefukuza nzi, aliwahi kusema kabla hajaulizwa: "Vumbi hili la mbao litatumaliza." Wenzake waliitikia, na baadhi yao wakakohoa kweli. Basi ikawa Vumbi njoo, Vumbi shika huku, mpaka wapya walioajiriwa wakadhani ni jina la ukoo.

Jambo alilolijua yeye peke yake ni kwamba vumbi halikuhusika. Mlio ule alikuwa nao tangu utotoni, kabla hajashika hata msumari. Ulianza kama mwasho ndani ya koo, mahali ambapo kidole hakifiki, na mwasho ukizidi hauna dawa ila kuutoa. Aliweza kuuzuia, kama mtu anavyozuia chafya. Ila chafya ukiizuia vizuri hufa, na huu wake haukufa. Ulijikusanya, ukarudi na jamaa zake wote.

Ndiyo maana aliipenda mashine ya randa. Wengine waliikimbia kwa kelele zake, yeye aliiomba. Ikianza kunguruma, mbao ikipita chini ya visu na maranda yakiruka kama povu, aliweza kuguna na kutikisa kidevu apendavyo bila kusikika wala kutazamwa. Kazi za kwenda kufunga makabati ndani ya nyumba za watu, kwenye vyumba vyenye mazulia na ukimya, aliwaachia wengine. Alisema mgongo wake haupatani na ngazi.

Nyumbani alijificha nyuma ya redio. Iliwashwa asubuhi kabla ya birika na kuzimwa watu wakienda kulala, habari, mpira, mahubiri, matangazo ya sabuni, chochote kile. Mkewe aliwaambia wateja wake kwamba mume wake na redio walizaliwa tumbo moja, na kwamba yeye aliolewa na wote wawili.

Mkewe alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa saluni yenye kioo kimoja kirefu, viti viwili na mashine ya kukaushia nywele iliyokwaruza kama inakereketwa. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa darasa la pili, aliyeanza kusema mapema na hakuwahi kupumzika tangu hapo. Aliamka akisema, akapiga mswaki akisema, akasimulia ndoto kabla hazijapoa. Ndiyo maana aliitwa Chiriku, kama yule ndege mdogo asiyenyamaza, na wazazi wake wakawa Mama Chiriku na Baba Chiriku kwa majirani.

Jumapili moja mchana Mama Chiriku alikuwa akimsuka binti yake. Msusi akishika kichwa hujua kila kinachopita ndani yake, na alihisi kichwa kile kikiruka. Siyo kugeuka, kuruka, upande wa kushoto, kwa ghafla, kitana kikamkwaruza mtoto nyuma ya sikio.

"Tulia," alisema.

Akapanga mstari upya. Kichwa kikaruka tena.

"Chiriku, nimesema tulia. Utatoka na njia za panya kichwani, watu waseme mama yako hajui kazi."

"Siyo mimi, mama. Ni shingo."

"Shingo ya nani?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Yangu. Lakini siyo mimi."

Mama Chiriku alicheka, akamkaza magoti mabegani na kuendelea kusuka. Baba Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakucheka. Maneno yale, "yangu lakini siyo mimi," aliyasikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwenye umati. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mtu mwingine akiyasema, na yeye mwenyewe hakuwahi kuyapata. Aliweka kikombe juu ya redio, akaongeza sauti.

Wiki zilizofuata macho nayo yakaanza. Chiriku alipepesa kope haraka haraka, hasa akisoma au akitazama televisheni. Mama yake akampeleka kwa mpima macho, ambaye alimwonyesha herufi kubwa na ndogo, akamulika, akasema macho ni mazima kuliko ya kwake. Wakampa dawa ya minyoo. Wakamwondolea sukari kwenye chai. Jirani mmoja, mteja wa siku nyingi, alisema mtoto anaiga katuni, apigwe marufuku na yataisha. Wakapiga marufuku. Hayakuisha. Yalikuja na kuondoka zaidi ya mwaka, mpaka akaingia darasa la tatu. Kisha yakatulia yenyewe karibu mwezi mzima, nyumba ikashusha pumzi, na yaliporudi yalikuja na sauti.

Sauti ilikuwa ndogo na nyembamba, "kwi," ikitoka kama breki ya baiskeli inayoguswa kidogo. Akiwa uani haikuwa na shida. Shida ilikuwa darasani, kwenye mtihani wa kusoma, chumba kizima kimenyamaza na penseli pekee ndizo zinazosema. Kwi. Watoto wakacheka. Kwi. Wakacheka zaidi. Mwalimu wa darasa alimwonya, halafu akamhamishia kiti cha nyuma, halafu siku moja akamtoa nje asimame barazani mpaka wenzake wamalize. Wakati wa mapumziko watoto hawakuhitaji kumtafutia jina la kumcheka. Alikuwa nalo tayari. Walimzunguka wakiruka ruka na kupiga kwi, kwi, Chiriku, Chiriku, na wengine wakapiga mabawa kwa viwiko.

Jioni ile alirudi nyumbani bila kusema kitu. Mama yake alijua lililotokea kwa simu ya mwalimu, na aliapa moyoni kwamba jina lile halitatamkwa tena ndani ya nyumba yake. Kesho yake asubuhi alimwita, "Mwanangu, njoo unywe chai." Mchana, "Mwanangu, nipe taulo lile." Mtoto alivumilia mpaka jioni.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu."

"Sasa mbona unaniita kama umekasirika?"

Mama Chiriku aliingia jikoni akafungua bomba la maji, akaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Kulikuwa na jambo moja lililomchanganya mama huyu kuliko yote. Mwalimu alianza kusema kwamba Chiriku ametulia, kwamba adhabu imemfaa. Lakini nyumbani hali ilikuwa kinyume. Mtoto akivuka tu kizingiti, begi halijashuka, mwili wake ulianza. Shingo, macho, bega, kwi, kwi, kwi, kama jiko lililofunikwa likafunuliwa ghafla. Ilichukua muda mrefu kupoa, na baada ya hapo alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

"Anaweza akitaka," Mama Chiriku alimwambia mumewe walipokuwa wakikunja nguo. "Shuleni anatulia. Huku kwangu ndiko anakuja kunivurugia. Mimi ndiye nimemdekeza."

"Hatulii," alisema mumewe. "Anabana."

"Anabana nini?"

"Anabana kutwa nzima. Akifika hapa ndipo anaachia, kwa sababu hapa ni kwao. Usimgombeze kwa hilo, Mama Chiriku. Mtoto anayeachia nyumbani anakupenda."

Yalikuwa maneno mengi kwa mtu kama yeye. Mkewe aliacha shati mikononi, akamtazama.

"Umejuaje wewe?"

Koo lilimwasha. Alimeza mate, akameza tena. "Nahisi tu," alisema, akaenda kutafuta stesheni nyingine.

Hata hivyo ndiye aliyesema waende hospitali kubwa, na ndiye aliyeomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata akiwa na homa. Walisubiri kwenye korido yenye mabenchi ya chuma. Waliitwa kwa daktari wa watoto, naye baada ya kuuliza na kumpima akawaandikia wamwone mwenzake wa magonjwa ya neva, jengo la pili. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu asiye na haraka. Hakumgusa mtoto kwanza. Alimpa karatasi na kalamu za rangi, akamwambia achore chochote, kisha akaanza kuongea na wazazi huku akimtazama kwa jicho la pembeni.

Aliuliza mengi. Lilianza lini, lilianza na nini, linakuja na kuondoka au linakaa? Akilala linakuwepo? Akichora je? Na kweli, walipotazama, wakaona kwamba Chiriku aliyeinamia karatasi yake, ulimi umetoka kidogo pembeni, hakuwa akiruka wala kupepesa. Mama yake alikuwa ameyaona hayo nyumbani mara nyingi na kuyahesabu kama ushahidi wa ukaidi. Daktari aliyachukua kama habari njema.

Ndipo Baba Chiriku akagundua jambo la kutisha. Chumba kile hakikuwa na redio. Hakikuwa na feni, wala dirisha lililo wazi. Kulikuwa na ukimya mtupu na kalamu ya mtoto ikikwaruza. Alibana. Alikaza meno, akabana vidole vya miguu ndani ya viatu, akajaribu kusoma bango la chanjo ukutani. Mwasho ulipanda, ukajaa, ukafika juu.

"Hm. Hm-hm." Na kidevu kikaenda.

"Vumbi, daktari," alisema upesi. "Mimi ni seremala."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakutabasamu kwa namna ya kumkamata mtu. "Sawa," alisema. "Nimekusikia kidogo na huko nje ulipokuwa umekaa na mama. Siulizi kukuaibisha, baba. Nauliza kwa sababu itanisaidia kumwelewa binti yako. Hiyo ya kwako ilianza lini?"

Mkewe aligeuka. Chiriku aliacha kuchora. Mtu yule aliyejificha nyuma ya mashine miaka yote alihisi kama mashine imezimwa na karakana yote inamtazama.

"Tangu mdogo," alisema hatimaye. "Kama yeye. Ila mimi nilianza na macho."

"Baba," Chiriku aliuliza, "na wewe una shingo?"

"Mimi nina koo," alisema baba yake. "Shingo kidogo. Zaidi ni koo."

"Inakuja kama inawasha?"

"Kama inawasha."

"Halafu ukitoa inaisha, halafu inarudi?"

"Ndiyo hivyohivyo."

Chiriku alimtazama kwa muda mrefu, uso umefunguka, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa lugha moja ugenini. Kisha akarudi kwenye mchoro wake na kuongeza jua.

Daktari aliwaeleza pole pole. Jambo lile lina jina la kigeni, Tourette, jina la daktari wa zamani, wasihangaike nalo sana. Maana yake ni kwamba ubongo wa mtoto hutuma amri ndogo ambazo yeye hakuziomba, za mwili na za sauti. Zimekaa zaidi ya mwaka, zinabadilika, zinapungua na kuzidi, na ndivyo zinavyotambulika. Si wazimu, si tabia mbaya, si malezi, wala si mtu kamtupia kitu. Haiambukizi. Haipunguzi akili hata chembe. Hutembea kwenye familia, mara nyingi bila mtu kujua. Kwa watoto wengi huzidi wakikaribia kubalehe kisha hupoa, na kwa wachache hubaki mpaka utu uzima, alisema, akimwinamishia baba kichwa kidogo, kwa heshima. Dawa zipo, kwa anayesumbuliwa sana, ila kwa Chiriku angependa kuanza na mambo mengine: usingizi wa kutosha, kutokemewa, shule ielewe, na mtaalamu wa pale hospitali amfundishe mbinu. Akauliza pia kama mtoto ana wasiwasi mwingi au hawezi kukaa na kazi moja, maana hayo hupenda kufuatana na hili, na huwa yanamsumbua mtoto kuliko shingo yenyewe.

"Mkimwambia 'acha', itazidi," alisema. "Ni kama kumwambia mtu asifikirie kukuna mkono. Mkiona imekuja, endeleeni na maongezi yenu."

Walitoka nje kwenye jua. Mtoto alitangulia akirukaruka mistari ya sakafu. Karibu na geti Mama Chiriku alipunguza mwendo, na mumewe akajua kwamba linakuja.

"Miaka yote hii," alisema, "nafua mapazia kwa sababu ya vumbi lako."

"Nisamehe."

"Nimebadilisha magodoro. Nimekuchemshia majani sijui ya nini. Nimemwambia mama yangu mume wangu ana kifua."

"Niliona ukijua utaniona sijakamilika."

Alisimama. "Nilikuchagua ukiguna," alisema. "Ulikuja kwetu kutengeneza dirisha, unaguna kama mzee. Nikasema huyu ana kitu kooni lakini mikono yake ni mizuri. Ulidhani sikusikia?" Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na desturi nalo barabarani.

Daktari alikuwa amewaomba waulize kwa wazee kama kuna mwingine. Jioni ile Baba Chiriku alimpigia simu mama yake, ambaye aliishi kwa dada yake mji mwingine. Alimweleza yote, kwa aibu, kama mtoto anayeeleza kikombe kilichovunjika. Mama yake alisikiliza.

"Wewe nilikuwa naomba tu likutoke," alisema. "Na baba yako naye alikuwa na la kwake."

"Baba alikuwa na nini?"

"Si kule kusonya kwake?"

Baba Chiriku akakaa chini. Baba yake, aliyekwisha kufariki, alikuwa mtu wa kusonya. Kila mtu alilijua hilo. Ukimsalimia, anasonya. Ukimpa chai, anasonya. Alifukuzwa kazi kwa kumsonya msimamizi wake, akagombana na mashemeji msibani, na mtaani walimwita Bwana Mkubwa kwa kumkebehi, wakidhani anawadharau. Na Baba Chiriku alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alipojifunza useremala alitengeneza kigoda, kitu chake cha kwanza kusimama sawa kwa miguu yake yote, akampelekea baba yake. Mzee alikigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye maungio, akasonya, akakirudisha. Kijana aliondoka na kigoda chake. Tangu siku ile, kila alipomaliza kabati, hata mteja asifie namna gani, sauti ile ilikuwa ya kwanza kufika.

"Mama," alisema, "ile haikuwa dharau?"

"Dharau gani? Alikuwa akisonya peke yake bafuni. Alikuwa akisonya usingizi ukimchukua. Aliniambia kuna kitu kinamvuta ulimi. Watu walimchukia kwa hilo na yeye akaacha kwenda kwa watu, ndiyo yakawa maisha yake. Kile kigoda chako alikisifia kwa yule fundi wa viatu mpaka mtu wa watu akachoka kusikia. Wewe hukumpa nafasi, ulikuwa umeshachukua na kuondoka."

Baba Chiriku alikata simu akabaki ameishika. Redio ilikuwa imezimwa, hakukumbuka ni nani aliyeizima. Mkewe alimkuta amekaa hivyo, akaketi kando yake bila kuuliza, na alipolia alimwacha alie.

Jumatatu walikwenda shuleni wote watatu. Mwalimu wa darasa alikuwa msichana bado, amebeba darasa lililofurika, na alipowaona alijiweka tayari kwa ugomvi. Mama Chiriku alikuwa amejiandaa kuutoa. Lakini mumewe ndiye aliyeanza, na alianza kwa kujieleza mwenyewe: koo lake, mwasho, jinsi alivyokuwa akikaa darasani utotoni akibana mpaka haoni ubao, jinsi maneno ya mwalimu yalivyopita masikioni kama maji kwa sababu kichwa chote kilikuwa kazini kuzuia mlio mmoja. Katikati ya maelezo koo likatoa. Safari hii hakusema vumbi.

Mwalimu alisikiliza, mikono mapajani. "Kwa hiyo akiwa ametulia," alisema, "ndipo hasikii ninachofundisha."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nilikuwa nampongeza kwa kutulia."

Hakuna aliyemlaumu zaidi ya hapo, wala hakukuwa na haja. Walipatana. Chiriku akizidiwa, anyanyuke bila kuomba ruhusa, aende kwenye bomba la maji, aachie, arudi. Mtihani wa kusoma aufanye chumba cha pembeni pamoja na wengine wanaohitaji utulivu. Kiti chake kirudi mbele, karibu na dirisha. Na darasa liambiwe ukweli, kama Chiriku mwenyewe anakubali.

Chiriku alikubali, na alitaka kusema yeye. Alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba ubongo wake una kidole kinachobonyeza vitu bila kumwuliza. Kinabonyeza shingo, kinabonyeza macho, kinabonyeza kwi. Yeye hakipendi sana lakini wanaishi pamoja. Mvulana mmoja aliuliza kama inaambukiza.

"Hapana," alisema Chiriku. "Mama analala karibu na baba kila siku na hana."

Mwalimu alikohoa kidogo akageukia ubao. Mwingine akauliza wamwite nani sasa, na Chiriku akasema waendelee kumwita Chiriku kwa sababu ndilo jina lake. Ila wasipige mabawa, maana chiriku hapigi hivyo. Kutaniwa hakukuisha siku hiyo, watoto ni watoto. Kulipungua mpaka kukabaki kwa wawili watatu, na hao nao walikosa wa kucheka nao.

Jioni mama yake alimsimamisha mbele ya kioo cha saluni akamfumua nywele. "Chiriku," alisema, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Abee."

"Nilikuwa nakuita tu."

Hospitalini mtaalamu mmoja kijana aliwafundisha baba na mwana kwa pamoja. Kwanza kuujua mwasho unapoanza, kabla haujafika juu. Kisha kufanya jambo dogo linaloziba njia, kama kushusha bega na kubana kiwiko ubavuni, au kupumua taratibu kwa pua mpaka wimbi lipite. Chiriku alijifunza upesi na kufaulu siku moja moja. Baba yake alijifunza kwa shida, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akipigana na mwasho, na sasa aliambiwa aufahamu kwanza. Mara nyingine ilisaidia, mara nyingine haikusaidia, na mtaalamu alisema hata hivyo ni sawa, si mashindano.

Kilichobaki ni karakana. Alikaa nalo jambo hilo rohoni kwa muda, akipanga maneno na kuyapangua. Siku aliyoamua, ilikuwa wakati wa chai ya saa nne. Alizima randa. Msumeno nao ulikuwa umezimwa, na watu walikaa juu ya mbao na vikombe vyao. Akawaambia, kwa maneno machache, kwamba koo lake si vumbi, halijawahi kuwa vumbi, ni neva, na binti yake anayo, na baba yake alikuwa nayo.

 Fundi wa rangi, mtu mnene aliyefanya kazi kona ya nyuma, akaweka kikombe chini.

"Yaani mimi," alisema pole pole, "navaa barakoa hii mwaka wa ngapi huu, nakosa hata pumzi, kwa sababu yako wewe. Nilisema kama vumbi limemfanya hivi fundi mwenzangu, mimi nitapona kweli?"

"Endelea kuivaa," Baba Chiriku alimwambia. "Vumbi lipo."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee mmoja wa kazi za milango akasema mjukuu wake naye anapepesa macho tangu mwaka jana, wanamfinya, na akauliza hospitali ile ni jengo gani. Jina la Vumbi hakuna aliyefikiria kulibadilisha. Baada ya muda mwenye karakana alimtuma akafunge rafu kwenye ofisi moja tulivu ambako watu wanaongea kwa kunong'ona. Alikwenda. Aliwaambia mlangoni kwamba watamsikia akiguna na si ugonjwa wa kifua, kisha akafungua kisanduku cha vifaa. Kwa nusu saa waligeuka kila alipoguna. Baada ya hapo walirudi kwenye kompyuta zao.

Chiriku sasa yuko darasa la sita. Sauti ile ya kwi ilikwenda zake mwaka juzi na haijarudi, badala yake bega linaruka, na miezi ya mitihani linaruka sana. Kuna siku anachoka nalo, anafunga mlango wa chumba chake, anasema kwa nini yeye. Siku hizo baba yake hamwambii maneno mazuri. Anakwenda kukaa nje ya mlango, chini, anaguna anavyoguna, na baada ya kitambo mlango unafunguliwa.

Mwaka huu ameomba kujifunza kuogelea. Kuna bwawa la jumuiya nyuma ya uwanja wa mpira, na Jumamosi asubuhi baba yake humpeleka, akakaa kwenye benchi la saruji na taulo mapajani. Amegundua jambo ambalo hakuambiwa na daktari yeyote. Ndani ya maji bega la Chiriku hutulia. Anakata bwawa upande hadi upande kwa mikono mirefu kama ya baba yake, kichwa kinageuka kuvuta hewa pale anapotaka yeye kigeuke. Mara ya kwanza alipoliona hilo, alisimama kutoka kwenye benchi akamwangalia mpaka akafika mwisho.

Akitoka, maji yanamtiririka, bega linaanza mara moja, moja, mbili, tatu. Yeye halijali, na hamna anayemtazama. Anavuta taulo mikononi mwa baba yake na kuanza kusimulia, tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kila alichoona chini ya maji, na bado anasimulia wanapofika nyumbani, na mama yake anauliza kutoka saluni kama kuna mtu ana njaa.